Upande wa Kushoto

Amplifaya niliinunua Gerezani, kwa Kibwana,
mtumba wa Japani, uso wa bati la fedha,
mgongoni maandishi nisiyoweza kuyasoma
na namba moja niliyoiweza: mia.
Volti mia. Basi na transfoma juu yake, elfu thelathini.
"Inaimba hii," Kibwana akasema,
akaibana swichi ya spika kwa dole gumba
na hakuliondoa mpaka nilipolipa.

Nyumbani Magomeni nikaijua siri ya lile dole.
Ukiiachia swichi, kushoto kunanyamaza.
Ukiigusa, kunakwaruza kama mtu anayepara samaki,
kunakuja, kunakwenda.
Wiki mbili tukasikiliza nusu:
magitaa bila tarumbeta,
kiongozi anaita, waitikiaji hawapo.
Nikachomeka njiti ya kiberiti. Ikashika siku tatu.
"Laki na nusu," Mwantumu akasema,
"umeniletea kiziwi wa sikio moja."

Jumapili nikachomoa waya ukutani, nikangoja.
Kapasita hazisahau upesi:
umeme umekwisha kata, zenyewe bado zina kinyongo.
Nikanywa chai, nikarudi.
Skrubu nane juu, nne chini, moja haikuwepo tangu zamani;
kuna mwenzangu alishapita humu,
kaacha mikwaruzo ya bisibisi isiyolingana
na tone la risasi kama kinyesi cha mjusi.
Vumbi lilikuwa la kwao, jeusi, laini,
la nyumba nisiyoijua.
Nililipuliza polepole, kama ninayeomba radhi.

Swichi ina miguu kumi na miwili.
Nikaing'oa mguu kwa mguu,
nikainua kifuniko kwa ncha ya wembe.
Ndani, vijilimi vya shaba vilivyopakwa fedha,
na fedha imekuwa masizi.
Hapo ndipo kushoto kulipofia.
Na kabla sijasema "shika taa vizuri"
springi ikaruka.

Ti.

Hiyo tu. Fupi kuliko punje ya mchele.
Tukapiga magoti, tochi ya simu, mkeka ukakung'utwa,
nikamlaani Kibwana, nikailaani Japani, nikajilaani.
Mwantumu hakulaani mtu.
Akaingia uvunguni, akatoa spika iliyokufa mwaka juzi,
akaniambia, ng'oa sumaku.
Akaifunga kwenye pindo la kanga
akaikokota sakafuni kama anayepiga deki,
chini ya kabati, nyuma ya mtungi wa gesi,
kwenye ule ufa wa saruji ambao kila mwezi nasema nitauziba.

Sumaku ikarudi na ndevu:
kibanio cha nywele, skrubu mbili, springi yangu,
na sindano.

Sindano ya jicho kubwa, ya kushonea mito.
Ile. Ya mwezi wa Ramadhani.
Ile aliyomdai Tabu wa chumba cha tatu
mbele ya wapangaji wote, ndoo zikiwa foleni bombani:
"Ukiazima, rudisha."
Tabu aliapa. Tangu siku ile
salamu yao ni mlango unaofungwa.

Hatukusema kitu.
Nikasugua shaba kwa kifutio cha shule cha mtoto,
nikapitisha spiriti, nikakunja ulimi mmoja kidogo
uguse bila kung'ang'ania,
nikairudisha springi kwa kibano, pumzi nimeishika.
Nikachoma miguu kumi na miwili.
Nikahesabu. Nikahesabu tena.

Saa mbili usiku, luku imebaki uniti nne.
Swichi: ta.
Dole nikaliondoa.
Kushoto kote kukaja kwa mpigo mmoja,
tarumbeta, waitikiaji,
hata kikohozi cha mtu fulani mle studio
ambaye hakujua kwamba anarekodiwa.
Nikageuka nimwonyeshe Mwantumu.
Hayupo. Kanga haipo msumarini.
Mezani, palipokuwa na sindano, pana meza.

Ukumbini giza. Nikasikia hodi
ya mlango wa tatu, ndogo,
na ya pili, ndogo zaidi.

Nikapunguza sauti.
Pande zote mbili.